Kwa Wanangu Wanafunzi wa Chuo, Juu ya Kulegezwa kwa Amri ya Barakoa

Unguja, Shaaban 1443 (Machi 2022)

Assalaamu alaykum wanangu,

Nimepata habari kwamba kuanzia wiki hii hapana atakayerudishwa getini kwa kukosa barakoa, na kwamba madarasani kila mtu ataamua mwenyewe. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na siandiki kuupinga uamuzi huo. Chanjo ya korona ipo nchini tangu Julai 2021, mwenye miaka 18 na kuendelea anaipata bila ya malipo, na wimbi la Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, lililotukuta mwishoni mwa mwaka limeshuka. Ninalokuombeni ni kwamba, maadamu mlinzi wa getini ameondolewa kazi hiyo, kila mmoja wenu aichukue yeye.

Chanjo humkinga mtu na kuugua sana kuliko inavyomkinga na kuambukizwa. Kijana aliyechanja anaweza kuyapata maradhi, akayadhania mafua ya siku mbili, na akampa mwenziwe ambaye hali yake haijui. Katika darasa lililojaa hakosekani mwenye pumu, mwenye selimundu, au anayerudi jioni kumuuguza mama mwenye kisukari. Hao wataendelea kuvaa, na hawana wajibu wa kumweleza yeyote sababu. Nasikia wapo walioanza kuwaita waoga. Tafadhalini, hilo likomeshwe na nyinyi wenyewe, lisingojee kufikishwa kwa mshauri wa wanafunzi.

Liko jambo ambalo naona limesahauliwa katika mazungumzo yote haya, nalo ni hewa. Pumzi ya mgonjwa hubakia ndani ya chumba kilichofungwa kama moshi wa udi ubakiavyo baada ya chetezo kuondolewa, na anayeingia nyuma yake huivuta. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Huizungusha ile ile na kuipoza. Kwa hiyo kiongozi wa darasa afungue madirisha ya pande zote mbili kabla ya mhadhara kuanza, na yaachwe wazi hata kama joto litakusumbueni. Ikiwa hapana budi kuyafunga, kwa mvua ya masika au kwa kelele za nje, basi hapo vaeni barakoa nyote, amri iwepo isiwepo. Chini ya mwembe, uwanjani na barazani hamna haja nayo.

Na mwenye kuvaa avae ipasavyo. Ile ya buluu iliyokaa mfukoni wiki nzima, kamba zimelegea na pua iko nje, haimfai yeye wala jirani yake, na kuifua hakuifanyi mpya. Binti zangu mnaovaa nikabu, kitambaa chepesi kilicho wazi kwa chini hakishiki nafasi ya barakoa. Ivaeni kwa ndani, ibane pua na kidevu.

Ramadhani imekaribia, na hili ndilo linalonikosesha utulivu zaidi. Wengi wenu mtapanda boti kwenda Pemba, mtafuturu sinia moja na mabibi na mababu, na mtasimama bega kwa bega nao katika tarawehe. Maradhi yanayompita kijana yanaweza kumlaza mzee asiinuke. Mwaka jana, tarehe 17 Februari, tulimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa korona, na hapana nyumba hapa visiwani ambayo haikuusikia msiba ule. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, na mwenye kikohozi au homa anajijua kabla hajajulikana na mtu. Asubiri, aende kupimwa, na safari aiakhirishe mpaka apate nafuu. Kama tayari yuko nyumbani, apakuliwe chakula chake kando na asikae karibu na wazee.

Kwa wahadhiri nina ombi moja: mwanafunzi anayebaki dakhalia kwa kuumwa asipoteze alama za mahudhurio, kwani mkimkata alama atakuja darasani na homa yake. Nanyi wa uongozi, ndoo za maji na sabuni zilizowekwa milangoni zisiondolewe pamoja na amri.

Wassalaam,
Mzee wenu, muuguzi mstaafu