Neno la Siri Nililolipia, na Lile Msilonipa

Steshenari, Majengo,
Moshi.
10 Februari 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta na Ufundi,
Moshi Mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MANENO YA SIRI MLIYOWEKA KWENYE KOMPYUTA ZANGU MBILI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Oktoba mwaka jana nilileta dukani kwenu kompyuta ya mezani na laptop, nikalipa shilingi 60,000. Risiti ninayo, imeandikwa "ulinzi kamili, kompyuta 2". Leo ile ya mezani inafunguliwa na yeyote mwenye bisibisi, na laptop imenifungia nje mimi mwenye mali.

Niwakumbushe nilichoomba. Kwangu watu huja kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kutoa nakala za vyeti, kuchapa mikataba ya viwanja, na nyaraka zao hubaki kwenye mashine. Kijana niliyekuwa nimemwajiri alikuwa akibaki jioni, anachomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, anawasha kompyuta kwa hiyo flashi na kusoma mafaili ya watu bila hata kuulizwa neno la siri la Windows. Siku niliyomfuma ndipo nilipoelewa kwamba neno la Windows huulizwa Windows yenyewe ikishaamka. Anayepita mlango mwingine halimhusu. Ndiyo maana nilikuja kwenu nikasema, kwa maneno haya haya, nataka mashine iniulize kabla haijaamka. Fundi wenu alinielewa vizuri. Aliingia BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, akaweka neno la siri huko, akaniandikia neno moja kwenye kikaratasi, nikaondoka nimeridhika.

Nianze na ya mezani. Desemba nilimwomba mtoto wa dada yangu, anayesoma VETA, aijaribu. Alizima umeme, akafungua skrubu mbili za ubavuni, akachomoa kile kibetri cha mviringo kama sarafu, CR2032, akasubiri kidogo akakirudisha. Kompyuta ikawaka bila kuniuliza chochote, ila saa yake tu ndiyo iliyorudi miaka mingi nyuma. Chai niliyommiminia ilikuwa bado ya moto. Mashine za zamani kama ile hutunza neno la siri kwenye kumbukumbu inayoishi kwa hicho kibetri, na fundi wa kompyuta hahitaji kuambiwa hilo na mama wa steshenari. Basi si mngeniambia nitie kufuli kwenye kasha? La bei nafuu kutoka Mbuyuni lingetosha.

Laptop ndiyo iliyoniumiza zaidi. Betri yake imechoka, hukaa kwenye chaja muda wote, kwa hiyo umeme ulipokatika wiki ya pili ya Januari ilizimika palepale na Windows ikagoma kuwaka tena. Ilikuwa msimu wa fomu za kidato cha kwanza, foleni iko hadi barazani. Ilibidi niiwashe kwa flashi ili Windows irekebishwe. Nikaandika neno mlilonipa, likakubali. Nikabonyeza F2 nibadilishe mahali mashine inapoanzia kuwaka, ikadai neno jingine, la msimamizi. Hilo sikupewa, wala sikuambiwa kwamba lipo.

Nilipofika kwenu kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu: "Shikamoo mama. Fundi aliyeweka hayupo tena kazini, amehamia Dodoma, na namba yake haipatikani." Kisha akaanza kubahatisha mbele yangu. Akajaribu 123456, akajaribu jina la duka, akajaribu namba ya simu ya duka. Mara ya tatu laptop ikatoa namba ndefu kwenye kioo na kuganda. Nikauliza, si mchomoe kibetri kama tulivyofanya kwa ile nyingine? Akanijibu, na hapo alisema kweli, kwamba kwenye laptop hii neno limekaa kwenye chipu isiyosahau hata umeme ukitoka. Dawa yake, akasema, ni kubadilisha madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, shilingi 380,000, nilipe mimi.

Sina ugomvi na kuwekwa neno la pili. Tena fundi alifanya vyema, maana neno la kuwashia hata wafanyakazi wangu wanalo, na bila la msimamizi yeyote kati yao angeingia BIOS na kuvuruga mpangilio wote. Ugomvi wangu ni kwamba ufunguo wa nyumba yangu uko mfukoni mwa mtu aliyeko Dodoma, na ninyi hamna hata daftari la kuonyesha aliandika nini.

Kuna na la tatu. Wakati nikiwasubiri, yule mtoto wa dada alitoa diski ya laptop na kuiunganisha kwa waya wa USB kwenye mashine yake. Kila kitu kikafunguka: vyeti, mikataba, picha za pasipoti. Nilishukuru kwa kuwa kazi za wateja zimepona, lakini mwizi naye angefanya vivyo hivyo. Neno la BIOS linaizuia mashine kuwaka. Diski yenyewe haifungi. Laptop ile ina Windows Pro, ina BitLocker ndani yake, yaani kifungio cha Windows kinachofanya diski isisomeke bila ufunguo. Mngeiwasha hiyo BitLocker, mkanipa ule ufunguo wa akiba wa tarakimu 48, ningeuchapa na kuuweka kabatini nyumbani. Hamkuitaja hata kidogo, na bado mkaandika "kamili".

Naomba basi laptop ifunguliwe, au madabodi ibadilishwe, kwa gharama zenu. Diski ifungwe kwa BitLocker mbele ya macho yangu. Maneno yote ya siri nikabidhiwe kwenye bahasha iliyofungwa, nasi tusaini pande zote mbili. Kwa ile ya mezani nirudishiwe shilingi 30,000, kufuli nitanunua mwenyewe.

Nawapa siku kumi na nne tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya risiti. Laptop bado iko kaunta kwenu, ina stika ya njano mgongoni. Tafadhali mtu yeyote asiendelee kuibahatisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa steshenari,
Majengo, Moshi.

Kiambatanisho: nakala ya risiti