Barua kwa mwanangu anayekwenda Rishikesh

Mwanangu,

Jai Shri Krishna. Nakuandikia Kiswahili, maana Kigujarati chako cha kusoma unakijua mwenyewe.

Tiketi nimeiona, wataka kwenda kumtafuta Mungu Rishikesh, mji ule mtakatifu wa India. Ninachoshindwa kukielewa ni kuacha kazi. Likizo ungeomba, wangekupa. Jana yule mama muuza muhogo alinisimamisha Marikiti, ataka kujua daktari arudi lini. Nikamwambia karibuni. Ulitaka nimwambie nini?

Najua utanijibu kwa maneno ya Ramakrishna, yule mtakatifu wa Bengal, alivyomwuliza mfuasi wake Sambhu Mallick: Mungu akikutokea, utamwomba hospitali na zahanati? Sawa. Lakini Ramakrishna huyo huyo alimkaripia mwanafunzi wake Narendra alipotaka azame tu katika samadhi, ule utulivu wa kuzama kwa Mungu, kwamba alimtarajia awe mti wa kuwapa maelfu kivuli, kumbe anajitafutia wokovu wake peke yake. Hilo mbona hulitaji? Na Narendra ndiye Vivekananda, aliyeanzisha Misheni ya Ramakrishna 1897. Mwaka uliofuata tauni ikaingia Calcutta, akawa radhi kuiuza ardhi waliyoinunua kwa ajili ya makao ya watawa, ili wagonjwa wahudumiwe. Watawa wenyewe hata hawajahamia! Wewe wagonjwa wako unamwachia nani?

Sikukatazi kusali. Baba yako asema kufunga Alhamisi ni mimi niliyekuzoesha, basi na alaumu. Lakini huyo mtakatifu Jalaram Bapa tunayemfungia, 1820 alipokuwa kijana wa miaka ishirini, alifungua jiko la kuwalisha wapita njia pale Virpur, Gujarat. Jina la Ram mdomoni, mwiko mkononi. Nani atasema hakumjua Mungu? Na hiyo Gita, kitabu chetu kitakatifu, uliyoitia kwenye begi, sura ya tatu yamtaja mfalme Janaka, aliyefikia ukamilifu kwa kutenda. Isome tena ukiwa kwenye ndege.

Usiku ule ulipomshona yule kijana wa tuktuk mkono hapo barazani, pesa hukuuliza, nilijivuna. Sikukwambia, nikakugombeza kwa damu kwenye mkeka.

Beba blanketi zito, Desemba kule kuna baridi. Zahanati bado hawajaajiri mtu, nimeuliza. Alhamisi ijayo twapika wali wa pojo wa hekaluni na sina wa kuninyanyulia sufuria. Pampu ya maji imekufa tena, fundi ataka elfu nane na baba yako hataki kutoa. Zungumza naye kabla hujaondoka, wewe anakusikiliza.

Mama