Salamu za Mwaka Mpya wa Kichina: Nafasi ya Mjomba Mezani

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mlioko Guangzhou, Yiwu na Beijing kwa masomo au biashara, pamoja na jirani zetu Wachina mnaosherehekea mkiwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, nawatakia heri ya Mwaka wa Farasi ulioingia tarehe 17 Februari 2026. Juma hilo hilo ndilo mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kwa hiyo ziko nyumba zilizokuwa zikijiandaa kwa karamu na nyingine kwa saumu, zote zikihesabu siku zake kwa mwezi wa angani.

Karamu kuu ya Wachina ni ile ya usiku wa mkesha, na kwa desturi huliwa nyumbani kwa wazazi wa upande wa mume. Kaskazini hufungwa jiaozi, vidonge vya unga vilivyotiwa nyama na mboga kisha vikachemshwa, na kazi hiyo hufanywa na watu wengi waliokizunguka chombo kimoja, jambo ambalo nadhani ni nusu ya utamu wake. Samaki hawekwi ili aishe, kwani neno yu, yaani samaki, hutamkwa sawa na neno lenye maana ya kusaza. Watoto hupewa fedha ndani ya bahasha nyekundu, na kila mtoto hutakiwa kumwamkia mkubwa wake kwa jina la udugu linalomstahili.

Hapo kwenye majina ya udugu ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Kaka mkubwa wa baba huitwa bobo, na mdogo wa baba huitwa shushu, kama sisi tunavyomtenga baba mkubwa na baba mdogo. Dada wa baba ni gugu, yaani shangazi, na kaka wa mama ni jiujiu, ambaye ni mjomba hasa, wala hachanganywi na ndugu wa baba. Katika sehemu nyingi za China, mjomba ndiye mgeni anayepewa kiti cha heshima harusini, na zamani ndiye aliyeitwa kushuhudia ndugu wakigawana mali ili asiwepo wa kupunjwa. Watoto wa ndugu wa kiume wa baba huitwa kwa neno tang, lenye maana ya ukumbi, kwa kuwa ni wa ukumbi mmoja na ukoo mmoja. Wale wa shangazi na wa upande wa mama huitwa kwa neno biao, yaani wa nje.

Majina hayo yalitokana na nyumba ya aina fulani. Katika nyua za Beijing, ambamo vyumba vya pande nne hutazamana kupitia kiwanja cha katikati, wazee walilala upande wa kaskazini unaopata jua, na watoto wao walikaa pembeni. Huko Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa China, koo nzima zilijenga maboma makubwa ya udongo, mengine ya duara, yanayochukua mamia ya watu wa jina moja. Sifa kuu ya nyumba ilikuwa kuwa na vizazi vinne chini ya paa moja, ingawa tuseme kweli, sifa hiyo waliimudu zaidi wenye mali. Mkulima wa kawaida hakuwa na ardhi wala umri wa kutosha kuifikia. Sensa ya mwaka 1953 ilikuta wastani wa watu 4.33 tu katika kila kaya.

Wala sitaki kuililia nyumba hiyo yote. Bi harusi aliletwa kwa mume ambaye huenda hakuwahi kumwona, akawa chini ya mavyaa wake, na kwao alirudi kwa vipindi, hasa siku ya pili ya mwaka mpya, ambayo mpaka leo ni siku ya binti kwenda kuwaona wazazi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kuoza watu bila ridhaa yao, kuoza watoto na kuweka masuria, ikampa mke haki ya talaka. Sioni mtu mwenye binti anayeweza kuijutia sheria hiyo.

Pigo kwa majina ya udugu lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa mwaka 2015 familia nyingi za Wahan, yaani kabila lililo kubwa kuliko yote China, mijini ziliruhusiwa mtoto mmoja, huku wakulima wengi ambao mzaliwa wao wa kwanza ni msichana wakiruhusiwa wa pili, na makabila madogo yakilegezewa zaidi. Mabinti wa mijini walinufaika kwa namna ambayo haikukusudiwa, kwa kuwa wazazi wasio na mtoto wa kiume walimsomesha binti kwa fedha zote walizokuwa nazo. Lakini chukua kijana asiye na kaka wala dada, aoane na mwenzake kama yeye, wazae. Mtoto wao ana babu wawili na bibi wawili wanaomgombania, ila hana baba mkubwa, hana shangazi, hana mjomba, na watoto wa tang na biao hatawapata kabisa. Mwaka 2021 serikali iliruhusu watoto watatu, lakini ruhusa hiyo haiwezi kumrudisha mjomba ambaye hakuzaliwa, na vijana wenyewe hawaoi: ndoa zilizosajiliwa mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1 hivi, chini ya nusu ya zile za mwaka 2013. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wastani wa watu 2.62 kwa kaya.

Hata desturi ya mkesha imepata mgogoro wake, maana mume na mke wote wanapokuwa watoto pekee, kwenda kwa wazazi wa mmoja ni kuwaacha wazazi wa mwingine wakae wawili mbele ya samaki asiyepungua. Wengine hupokezana mwaka kwa mwaka, wengine huwakusanya wazee wote wanne mahali pamoja, na wengine hutumia kazi kuwa kisingizio wasiende popote. Wafanyakazi kutoka majimbo ya Sichuan, Henan na Guizhou, ambao wengi waliwaacha watoto wao kijijini kwa bibi kwa sababu usajili wa makazi uliwabana katika shule za mijini, huonana na watoto hao kwa siku chache za sikukuu hii, na hiyo ndiyo sababu treni za msimu huu hujaa kupita kiasi. Tangu Julai 2013 iko hata sheria inayowataka watoto wanaokaa mbali kuwatembelea wazazi wao au kuwajulia hali mara kwa mara. Mimi niliposikia habari zake nilicheka, kisha nikanyamaza, nikakumbuka simu ambayo nilikuwa sijampigia mama.

Bahasha nyekundu nayo, tangu mwaka 2014, hupita pia ndani ya WeChat, programu ya simu ya kuandikiana na kulipana, na mtoto aliye mbali huipokea kwa kidole bila kumwamkia mtu.

Basi, kwa wote walioketi mezani usiku ule, na kwa wale waliowaangalia wenzao kwenye kioo cha simu: guonian hao, sikukuu njema. Na wewe uliyeko ugenini China ukaalikwa na familia ndogo ya watu watatu, mtoto wao akakuita shushu au gugu, itika kama baba mdogo au shangazi yake, na bahasha yako uitoe kwa mikono miwili.