Umeme wa Karibi: tusisahau nyaya

Mhariri,

Visiwa vingi vya Karibi bado vinazalisha umeme kwa dizeli na mafuta mazito yanayoletwa kwa meli, ilhali jua, upepo na joto la volkano viko hapo hapo. Mpango wa Petrocaribe wa mwaka 2005 ulivipa baadhi ya visiwa hivyo mafuta ya Venezuela kwa mkopo nafuu. Ulisaidia, sikatai, lakini kulipa deni la mafuta yaliyokwisha kuungua ni kazi chungu.

Barbados ilianza mapema: tangu miaka ya 1970 watu wanapasha maji moto kwa jua juu ya mapaa, wakibebwa na nafuu ya kodi. Si muujiza, ni sera.

Wasiwasi wangu uko kwenye nyaya. Kimbunga Maria cha 2017 kiliangusha gridi za Dominica na Puerto Rico. Paneli zikitegemea nguzo zile zile, giza litakuwa lile lile. Wafadhili hupenda kupigwa picha kwenye mashamba ya sola. Betri na gridi ndogo za vijijini hazina mvuto huo, ila ndizo zitakazoendesha friji ya chanjo zahanati siku tatu baada ya kimbunga kupita.

Msomaji wako