Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shughuli za Mwaka, Ada, na Suala la Kitabu

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha tuliosoma Chuo Kikuu cha Nairobi,

Kamati ilikutana, wagonjwa tuliwatembelea, waliofiwa walifikishiwa rambirambi. Hayo mnayajua, siyarudii.

Mkutano mkuu uliopita tulihudhuria 9 kati ya wanachama 64. Mmoja wa hao 9 alikuwa amekosea mlango, akitafuta kamati ya harusi. Tulimpa chai akatulia hadi mwisho. Na sisi ndio tuliokuwa tukijaza uwanja kamukunji, ule mkutano wa hadhara wa wanafunzi, ikiitishwa kwa mdomo tu, siku hizo hakuna simu za mkononi! Ada kamili ya shilingi 3,000 wamelipa 19, nusu wamelipa 11, jumla 73,500. Rambirambi 18,000, kitabu 41,000, salio 14,500. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina, isipokuwa ya chai, ambayo niliilipa mwenyewe na sijadai.

Sasa kitabu. Wazo la kukusanya kumbukumbu zetu za Chuo Kikuu cha Nairobi lilikuwa langu, na aliyekesha akizipiga chapa ni mimi. Mnalalamika kwamba nimeondoa kurasa 8 za mwenzetu mmoja na kubakiza 12 zangu. Zangu ni za Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, chuo kilipofungwa zaidi ya mwaka mzima tukawa makwetu, tunaripoti kwa chifu. Chifu wetu alituandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Sahihi yangu iko chini ya jina la kijana aliyeshikwa na mbuzi wa watu. Hiyo ni historia.

Kurasa 8 zile ni za bumu, yaani pesa za kujikimu tulizopewa wanafunzi, ya 1981: eti mwenzake wa chumba aliazima pesa zake siku ileile zilipotoka, akanunua redio ya kaseti, na hajalipa hadi leo. Nilimwomba afupishe. Zilikuwa 7; akarudisha 8. Kitabu kitasomwa na wajukuu, kwa hiyo kamati ikaamua ziondolewe. Kamati siku hiyo ilikuwa mimi na katibu, maana wengine hawakufika.

Wanaonong'ona kwenye WhatsApp kwamba mwenzake huyo wa chumba ni mimi, nawajibu hivi: redio ile niliinunua kwa bumu yangu, nikaongezewa kidogo tu. Hicho kidogo tulielewana. Isitoshe, aliyekuwa akilala nayo kitandani kusikiliza mpira hadi betri zinakwisha ni yeye, na antena aliivunja yeye, mimi nikaweka spoku ya baiskeli.

Mwakani, Mungu akipenda, kitabu kitatoka, na tunatumaini siku moja kutembea pamoja hadi mabweni yetu ya kule State House Road, tarehe tutaangalia. Redio bado ninayo. Anayeitaka aje aichukue, ila aje na ada yake ya miaka mitatu.

Mwenyekiti
Nairobi