Shoga yangu, huyu Lidia hanitoki kichwani

Shoga, za siku nyingi? Huku wazima wote, dukani ndo hivyo hivyo tunasukuma. Nakuandikia maana toka Jumapili nasoma Matendo 16 na yule Lidia muuza vitambaa vya zambarau hanitoki kichwani.

Siku zote nikifika pale Bwana alipoufungua moyo wake nilikuwa napita tu, safari hii nimesoma kama mfanyabiashara nikashtuka, kumbe ilikuwa Sabato! Filipi mji wa Kirumi, kwao Sabato ni siku ya kazi kama nyingine, wateja wanapita, af yeye ana bidhaa ya bei, zambarau haikuwa nguo ya kila mtu, kaiacha katoka nje ya lango la mji kaenda kukaa mtoni na wanawake wenzie kusali. Mi nikifunga duka Jumamosi moja tu roho inaniuma.

Na angalia Mungu alivyo, Roho alikuwa kawakataza kina Paulo wasihubiri Asia, lile jimbo la Kirumi, usiku Paulo katokewa na mwanaume wa Makedonia anamwita avuke, wamepanda meli Troa mpaka Neapoli, wamefika Filipi, na anayetajwa wa kwanza kulipokea neno ni mama, tena wa Thiatira, hukohuko Asia walikokatazwa! Hapo nililia jamani.

Ila kilichonichoma zaidi ni kwamba huyu mama alishakuwa mcha Mungu. Kusali anajua. Angeweza kusema hawa wageni wa barabarani wataniambia nini mimi, lakini alikaa akasikiliza kama hajawahi kusikia kitu. Sisi tuliokulia kanisani mhubiri akifungua tu Biblia tushajua anaelekea wapi, masikio yapo, moyo ushafika nyumbani unapika. Mi naomba Mungu anirudishie kusikiliza kule, kweli tena.

Na hakuishia kusikia, alibatizwa na nyumba yake yote af akawang'ang'aniza waje kukaa kwake. Hata walipochapwa bakora hadharani wakalazwa gerezani miguu kwenye mkatale, kutoka tu hao kwa Lidia, na mlango ukafunguliwa, mama mwenye biashara na jina mjini.

Jumamosi hii nafunga saa sita nakuja kwako tuisome wote, polepole, toka mstari wa kwanza. We weka chai, maandazi nabeba mimi.