Jaribio la nne: kocha apimwe kwa uamuzi wake, si kwa matokeo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wenu wa michezo ambaye, katika makala yake kuhusu futiboli ya Kimarekani, aliwafananisha na wacheza kamari makocha wanaokataa kuubutua mpira katika jaribio la nne. Nimeishi Minneapolis miaka mingi kiasi cha kuuzoea mchezo huu, ambao mwanzoni niliuona kama raga iliyovalishwa kofia za chuma, na naamini mwandishi huyo amewakosea makocha hao.

Kwa faida ya wasiofuatilia, timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10. Ikizipata, huanza kuhesabiwa upya. Ikizikosa, wapinzani huuchukua mpira pale pale ulipokomea. Kwa sababu hiyo, majaribio 3 yakipita bila mafanikio, desturi ni kuubutua mpira mbali ili wapinzani waanzie karibu na mstari wao wa goli, au, ikiwa milingoti iko karibu, kuupiga katikati yake na kujipatia pointi 3. Kulicheza jaribio la nne ni kuikataa desturi hiyo na kutafuta yadi zilizobaki.

Mwandishi wenu ameihesabu hasara ya kukosa yadi hizo, lakini hakuihesabu hasara ya kuutoa mpira kwa hiari. Tuseme timu iko katikati ya uwanja na imebakiwa na yadi 1. Ikibutua na mpira ukavuka mstari wa goli, wapinzani huanzia kwenye yadi yao ya 20, yaani yadi 20 kutoka mstari wao wa goli, maana yake ni kwamba timu imeuza haki ya kuendelea kushambulia ili ipate yadi 30 tu za uwanja. Ikicheza, historia ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, inaonyesha kwamba yadi 1 hupatikana karibu mara 2 kati ya 3. Sijui ni mfanyabiashara gani angeyakubali mauzo hayo, ila kwa makocha wa NFL yalikuwa jambo la kila Jumapili kwa miongo kadhaa.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa hesabu ni David Romer, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, katika utafiti ulioanza kusambaa mwaka 2002 na kuchapishwa rasmi mwaka 2006. Alichunguza misimu ya 1998 hadi 2000, akichukua robo ya kwanza ya kila mechi, kwa kuwa wakati huo kocha bado hajabanwa na saa wala na pengo la pointi. Makocha walikuwa wakilicheza jaribio la nne kwa nadra kiasi kwamba Romer hakupata mifano ya kutosha, akalazimika kupimia kwa matokeo ya majaribio ya tatu. Hata hivyo jibu lilikuwa wazi: pale ambapo hesabu ilielekeza kucheza, timu zilipiga mpira karibu mara 9 kati ya kila 10. Mfano wake ninaoupenda zaidi ni wa timu iliyo yadi 2 kutoka mstari wa goli. Mpigaji ataleta pointi 3 karibu bila shaka. Kwa makadirio yake, kucheza huzaa tachidauni (kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli), ambayo pamoja na pointi ya nyongeza ni pointi 7, takriban mara 3 kati ya 7, kwa hiyo wastani ni ule ule wa pointi 3. Tofauti ni kwamba anayecheza na kukosa huwaacha wapinzani wamebanwa kwenye yadi yao ya 2, jambo ambalo mpira wa milingoti hauwezi kulifanya.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini makocha walikawia? Nadhani ni kwa sababu anayebutua na kushindwa hulaumiwa pamoja na timu yake, ilhali anayethubutu na kushindwa hulaumiwa peke yake, tena na watu kama mwandishi wenu. Tarehe 15 Novemba 2009, mjini Indianapolis, kocha Bill Belichick wa New England alikuwa akiongoza 34 kwa 28, zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde chache, timu yake ikiwa kwenye yadi yake ya 28 na ikihitaji yadi 2. Aliamua kucheza. Kotabeki wake, yaani mrushaji mpira, Tom Brady, alimrushia Kevin Faulk, Faulk akaangushwa kabla ya kufika, na kotabeki wa wapinzani, Peyton Manning, akaipatia Indianapolis ushindi wa 35 kwa 34. Belichick alisemwa kana kwamba ameugawa ushindi kwa mikono yake. Wachache walijiuliza kama Manning, ambaye katika robo hiyo hiyo ya mwisho timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 17, angeshindwa kuvuka yadi 70 baada ya mpira kubutuliwa. Brady kutafuta yadi 2 na Manning kutafuta yadi 70 yalikuwa mambo mawili ya kupimwa pamoja, na kocha aliyapima.

Sisemi kwamba kila jaribio la nne lichezwe. Makala ilimtaja kocha Dan Campbell wa Detroit, ambaye tarehe 28 Januari 2024, katika mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, fainali ya NFL, alikataa mara mbili kupiga mpira wa pointi 3 katika kipindi cha pili, akashindwa na San Francisco 34 kwa 31 baada ya kuongoza 24 kwa 7 wakati wa mapumziko. Mara ya kwanza, akiongoza kwa pointi 14 na kuhitaji yadi 2, mpira ulimfikia Josh Reynolds ukamponyoka. Huo ulikuwa uamuzi mzuri uliokosa mikono. Mara ya pili alikuwa nyuma kwa pointi 3, akihitaji yadi 3, na mpira wa milingoti ungesawazisha. Hapo mimi ningepiga. Lakini ujasiri huo ndio uliokuwa umeifikisha Detroit kwenye hatua ambayo haikuwa imeigusa tangu msimu wa 1991, na si haki kuusifu kuanzia Septemba kisha kuuita upumbavu mwishoni mwa Januari.

Wapenzi wa raga wa Nairobi watalielewa hili upesi kuliko sisi tuliokulia kwenye soka. Nahodha aliyepewa penalti huchagua kati ya pointi 3 za milingoti na kuutoa mpira nje kwenye kona ili atafute trai, na mashabiki hubishana papo hapo, kabla matokeo hayajajulikana. Ninachomwomba mwandishi wenu ni hicho: atuambie ilikuwa yadi ngapi, dakika ngapi na pointi ngapi, ndipo atoe hukumu.

Fainali ya Super Bowl ya Februari 2018 ilichezwa hapa Minneapolis, Philadelphia ikaishinda New England 41 kwa 33. Kila mtu anakumbuka jaribio la nne la kabla ya mapumziko, pale kotabeki Nick Foles alipogeuka mpokeaji na kufunga tachidauni. Kocha Doug Pederson na Foles wamesimamishiwa sanamu Philadelphia kwa ajili yake. Zikiwa zimesalia dakika zisizozidi 6, Pederson, akiwa nyuma 33 kwa 32 na kwenye yadi yake ya 45, alicheza jaribio jingine la nne. Alihitaji yadi 1, na Foles akampata Zach Ertz kwa yadi 2. Baadaye katika mashambulizi hayo hayo Ertz alifunga tachidauni iliyowapa uongozi. Yadi hizo 2 hazina sanamu.

Msomaji wako,
Minneapolis, Marekani